Mbeba Mkoba

Siku ya kutofanya lolote haiji yenyewe. Kuna mtu huipanga. Ichukue familia iliyo likizoni Lyon, jiji la Ufaransa ambako mto Saône unaingia Rhône: baba, mama, bibi na watoto wawili. Hawana miadi na mtu. Asubuhi wanapanda kilima cha Fourvière kwa kigarimoshi kinachovutwa kwa kamba, wanatazama mapaa, wanateremka mji wa kale. Mtoto mkubwa anasukuma kila mlango wa mbao akitafuta traboule, vile vichochoro vinavyopenya ndani ya majumba, vikapita uani na kutokea mtaa wa pili. Mdogo anachuchumaa kumtazama njiwa, na hakuna anayemhimiza. Jioni ukiwauliza walifanya nini, watakuambia walikuwa wakizunguka tu.

Yupo aliyezunguka na mkoba. Ndani mna maji, kofia, dawa za bibi, nguo za akiba, tiketi za metro. Kizito zaidi hakimo mkobani: kujua choo kiko wapi, nani hali jibini, bibi aliketi mara ya mwisho saa ngapi. Naye huyo, ukimuuliza, atasema amepumzika.

Mwanafalsafa Aristotle alifundisha kwamba tunahangaika na kazi ili tupate utulivu. Kwake utulivu ndio kilele, kazi ni ngazi tu. Aliyasema hayo katika jamii iliyowabebesha watumwa ngazi yenyewe. Kumlaumu ni rahisi mno. Swali gumu ni kama kuna utulivu wowote usiosimama juu ya mabega ya mtu.

Lyon ni mahali pazuri pa kuliuliza. Juu Croix-Rousse, watalii husifu nyumba zenye dari za kiasi cha mita nne na madirisha marefu yanayomwaga mwanga. Hazikujengwa hivyo kwa fahari. Wafumaji wa hariri, walioitwa canuts, walihitaji kimo hicho kwa ajili ya mitambo mirefu ya kufumia iitwayo Jacquard, na mwanga ili waone nyuzi. Familia ilifuma, ikala na kulala chumba kimoja, kitanda kikiwa juu ya jukwaa la mbao chini ya dari. Mwaka 1831 waliasi wakidai bei ya chini kabisa iwekwe kwa kitambaa walichofuma. Hata traboule zile mtoto anazozifanyia mchezo zilipitisha majora ya hariri. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mwaka 1936, baada ya migomo iliyofunga viwanda nchi nzima, serikali ya Waziri Mkuu wa Ufaransa, Léon Blum, ilimpa mfanyakazi wiki mbili za likizo yenye malipo. Leo ni tano. Kubwa kwangu si hesabu ya wiki. Kabla ya hapo pumziko lilikuwa la mwenye nacho. Sheria ikasema ni haki ya anayefanya kazi, awe na akiba au asiwe nayo. Sijui mambo mengi ya karne iliyopita yanayostahili heshima kuliko hilo. Ila sheria ya namna hiyo inahitaji lango: mahali pa kuingilia kazini na pa kutokea.

Lango hilo tunaweza kuliona. Mwaka 1895 ndugu wa Lumière waliweka kamera mbele ya kiwanda cha familia yao, mtaa wa Monplaisir, papo hapo Lyon. Filamu haifiki dakika moja: milango inafunguka, wafanyakazi wanatoka, wengi wao wanawake wa sketi ndefu, na mbwa katikati yao. Moja ya filamu za kwanza kabisa duniani, basi, ni ya watu wanaotoka kazini. Kamera ikabaki pale pale. Wale wanawake walikokwenda, huenda kulikuwa na chungu kinachosubiri, na nyumba haina lango la namna ile.

Mtu atasema mama anaubeba mkoba ule kwa mapenzi. Kweli, na raha ya kuwatazama wanao wakila si raha ya kuigiza. Lakini zawadi hutofautiana na zamu kwa jambo moja: mtoaji anaweza kuiacha na siku isivunjike. Kumkabidhi baba mkoba hakutoshi, maana baada ya hatua kumi atauliza dawa za bibi ziko mfuko gani. Akabidhiwe na kukumbuka, pamoja na ruhusa ya kusahau. Kofia ikibaki hotelini, ibaki. Mkahawa ukifunga jiko saa nane mchana kabla hawajafika, watoto na wale mkate kwenye ngazi za ukingo wa Rhône, na lawama, kama ipo, imwendee aliye zamuni.