Rafiki wa Siku ya Dhiki



Wazee wa pwani hii walituachia neno hili: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Neno hili ni kweli, lakini mara nyingi twalitumia vibaya. Mtu akiisha kupona ugonjwa, au akiisha kuzika, huandika moyoni mwake daftari mbili: moja ya waliokuja, na moja ya wasiokuja. Ya kwanza huisoma mara moja, akashukuru. Ya pili huisoma kila siku. Je, hiyo ni shukrani?

Mtume Paulo alipofungwa Rumi, Onesiforo alimtafuta kwa bidii hata akamwona, wala hakuionea haya minyororo yake. Paulo akamtaja kwa jina, akaiombea nyumba yake rehema. Katika waraka ule ule aliwataja na waliomwacha, maana hakuificha kweli. Lakini akikumbuka siku aliyosimama barazani pa hukumu peke yake, aliomba wasihesabiwe jambo lile. Wote wawili, aliyekuja na asiyekuja, Paulo aliwaweka katika sala.

Nchi yetu ya Muheza imeyaona mambo haya. Vita ilipotokea mwaka 1914, wamisionari Waingereza wa Magila walifungwa na serikali ya Wajerumani, na walimu wengi Waafrika wa misioni ile wakatiwa kifungoni na kuteswa. Tabora ilipotekwa mwaka 1916, ndipo wafungwa waliokuwako wakafunguliwa. Baadaye ikawa zamu ya upande wa pili: hata kufika mwaka 1920 wamisionari Wajerumani, walimu wa baba zetu, walikuwa wameondolewa. Walianza kurudi mwaka 1925. Lakini vita ya mwaka 1939 ikawatenga tena na kazi yao.

Mtu angaliweza kuandika hapa daftari ndefu ya nani alimfunga nani. Lakini kanisa halikuishi kwa daftari hiyo. Liliishi kwa wachungaji, walimu na wazee wa nchi hii waliobaki wakifundisha watoto, wakizika wafu na kuwasomea watu Neno. Tena Walutheri wa Marekani na wa Uswidi walikuja kuzisaidia misioni zilizoachwa kama yatima. Marekani yenyewe iliingia vitani na Ujerumani mwaka 1941, walakini Walutheri wake hawakuiacha kazi iliyoanzwa na Wajerumani. Huo ndio urafiki wa siku ya dhiki.

Tena hatujui kilichomzuia asiyekuja. Pengine naye alikuwa na mtoto mwenye homa. Pengine hakuwa na kitu, akaona haya kubisha hodi mikono mitupu. Na kila asomaye maneno haya ajiulize: jina langu limeandikwa katika daftari ya nani?

Bwana wetu Yesu aliachwa na rafiki zake usiku ule wa Gethsemane, wote wakakimbia. Wanawake walisimama karibu na msalaba, nao ndio waliokwenda kaburini alfajiri. Naye alipofufuka aliwapa wanawake hao heshima ya kupeleka habari. Aliwatuma kwa nani? Kwa wale waliokimbia, naye akawaita ndugu zake. Waaminifu walipata shukrani yao, na shukrani hiyo ikawa njia ya kuwarudisha waliopotea.

Basi, mshukuru rafiki yako angali hai. Mtaje kwa jina katika sala ya nyumbani, watoto wasikie. Kisha umtafute aliye katika dhiki leo: mgonjwa hospitalini, mjane, mfungwa. Na yule asiyekuja kwako, siku atakapopatwa na msiba, uwe wa kwanza kubisha hodi mlangoni pake, wala usimkumbushe neno.

Bwana na atupe moyo huo. Amina.