Makovu ya Mkindu

Masomo: Kutoka 9:22–32, Zaburi 92:12–15, Luka 13:1–5



Mvua ya mawe hapa kwetu Busia tunaijua. Asubuhi jua kali, saa tisa mawingu meusi, halafu mabati yanalia mpaka huwezi kumsikia mwenzako. Dakika kumi tu, na shamba la mahindi limebaki vijiti.

Msimu mmoja mama mmoja wa ushirika wetu alipigwa hivyo. Shamba la jirani yake, ng'ambo ya njia, halikuguswa. Jumatano kwenye maombi mtu akamwuliza mbele ya wote, "Mama, umechunguza nyumba yako?" Mama akainamisha kichwa. Mimi nilikuwepo, na nilinyamaza. Jumapili mbili hakuonekana kanisani.

Basi swali letu wiki hii ni hili: je, kupigwa ni ushahidi wa dhambi?

Mvua ya mawe hupita kama mkanda. Inapiga huku, inaacha kule. Wakulima wa chai wa Kericho na Nandi wanalijua hilo vizuri. Hata Misri, kitani na shayiri viliharibika, lakini ngano ikapona. Je, ngano ilikuwa takatifu? Hapana. Ilikuwa imechelewa kukua tu.

Mtu atasema, "Lakini Mchungaji, Gosheni haikupigwa!" Kweli. Ila pale Mungu alimtuma Musa atangaze mapema. Kwa mama yule ni nabii gani alitumwa? Sisi tuliona mawe kwanza, ndipo tukaanza kutafuta dhambi. Yesu alipopashwa habari za waliouawa, alitaja na wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kwamba walikuwa waovu kuliko wengine. Aliwageuzia waliomletea habari: tubuni ninyi.

Zaburi ya 92 inamfananisha mwenye haki na mtende. Hapa kwetu tuna ndugu yake, mkindu, ule wa kando ya mito ambao majani yake husukwa mikeka. Nenda uutazame baada ya mawe. Majani yamechanika, shina lina alama. Mwembe ukijeruhiwa hufunika kidonda polepole kwa gome jipya. Jamii ya mitende haiwezi hivyo. Kovu la shinani hukaa mpaka mwisho.

Sasa mbona unaishi? Kwanza, njia zake za maji na chakula zimetawanyika ndani ya shina. Mwembe ukichunwa gome kuzunguka shina lote hufa, lakini jeraha la nje haliumalizi mkindu. Pili, moyo wake, pale majani mapya yanapotokea, umefichwa katikati ya kilele, umefunikwa na majani tabaka kwa tabaka. Mawe yanachana majani ya nje. Moyo ukibaki mzima, jani jipya litakuja. Lakini moyo ukifa, shina hilo limekwisha, hata kama nje halina mkwaruzo.

Kwa hiyo, mpendwa, shina lenye makovu linaweza kuwa hai, na shina laini linaweza kuwa linakufa. Ukihesabu makovu ya mwenzako, hujajua bado habari za moyo wake. Na Mithali 4:23 inatuagiza tulinde nini? Moyo.

Hapo ndipo ninapoona kosa letu. Mawe yalichana mahindi. Swali letu lililenga moyo.

Nilikwenda kwake kuomba msamaha. Nikamkuta anapanda upya. Yule jirani ambaye shamba lake lilipona alikuwa ameshamletea mbegu ya maharagwe, na siku mbili amelima naye. Huyo hakuuliza nani alitenda dhambi. Alijua tu kwamba mkanda wa mvua ungeweza kupita upande wake.

Mkindu una jambo moja zaidi: mara nyingi hausimami peke yake. Mashina mengi hutoka pamoja, yamesongamana. Kanisa nalo liwe hivyo. Wiki hii, kabla hujamwuliza aliyepigwa amefanya nini, beba kitu mkononi, uende kwake.

Tuombe: Bwana, tusamehe maneno yaliyoumiza kuliko mawe. Linda mioyo ya waliopigwa, na utufanye tuwe majani yanayoifunika. Amina.