Kiingilio ni Bei au ni Amana?

Hapana mtu wa Ruvuma asiyeujua uwanja wa mpira wa Majimaji ulioko katika mji wetu wa Songea. Siku ya mchezo watu hutoka Peramiho, na Lilambo, na Mletele, wengine hata Mbinga na Namtumbo, kwa miguu na kwa pikipiki, nao husimama mlangoni kwa msururu, kila mtu na noti yake mkononi. Mchezo ukiisha hurudi makwao wakibishana juu ya bao, na ile noti haikumbukwi tena. Leo twataka kuikumbuka.

Swali letu ni hili. Je, mtu aliyelipa kiingilio, akauona mchezo mpaka mwisho, anayo haki ya kuuliza fedha zake zilikwenda wapi? Wengi husema hana, na hoja yao si ya kudharauliwa. Mtu anunuaye ndizi sokoni hamfuati mwuzaji nyumbani kwake ili amwulize kama fedha amenunua chumvi au amenywea pombe. Ndizi amezipata, fedha amezitoa, shauri limekwisha. Basi, wasema watu hao, mpira nao ni kama ndizi. Umeutazama, umefurahi au umehuzunika, wadai nini tena?

Kama kiingilio ni bei tu, hoja hiyo haina jawabu. Lakini mwuza ndizi alilima shamba lake kwa jembe lake. Uwanja je? Viwanja vingi vya mikoani vilijengwa katika zama za chama kimoja, yaani kati ya 1965 na 1992, wakati chama na serikali na wananchi walipohesabiwa kama jamaa moja, na watu walitoa michango yao na nguvu za mikono yao pasipo kuuliza hati itaandikwa jina la nani. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, viwanja vingi vya namna hiyo vilibaki mali ya Chama cha Mapinduzi, na Majimaji ni kimojawapo. Hatuandiki haya ili tuingie katika ugomvi wa vyama. Ugomvi huo una wenyewe, nao hawahitaji msaada wa mwalimu. Twasema tu kwamba hati ni jambo moja, na jasho lililoingia katika kitu ni jambo jingine.

Tena litazameni jina lenyewe. Wale viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wadachi hapa Songea tarehe 27 Februari 1906 hawakufa kwa ajili ya mtu mmoja wala kundi moja, na kila mwaka siku hiyo twakusanyika kwenye kaburi lao la pamoja. Mahali palipopewa jina la vita vyao hapawezi kufanana kabisa na kibanda cha ndizi. Anayeushika uwanja kama huo ameshika amana, hata kama hati iko sandukuni mwake. Na kiingilio, ambacho ndicho kiuwekacho uwanja uhai, nacho ni sehemu ya amana hiyo. Mchezo wa leo tumekwisha kuuona, ni kweli. Lakini majani ya kiwanja, ukuta, na vyoo ni vya mchezo wa mwakani na vya watoto wetu.

Basi, nani aangalie? Huko Bukoba uwanja wa Kaitaba ni mali ya manispaa. Mapato yake yapasa kuingia katika vitabu vya halmashauri, diwani aweza kusimama barazani akauliza, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, aliyewekwa na ibara ya 143 ya Katiba, hukagua kila mwaka na taarifa yake hufika Bungeni. Njia hiyo ni ndefu, na mara nyingine makosa ya mwaka jana huonekana tena mwaka huu yakiwa yamevaa nguo mpya; walakini njia ipo. Kwetu mambo yamefungamana zaidi. Mwenye uwanja ni chama, timu ni mtu mwingine, wasimamizi wa mpira ni wengine, na kodi ni ya serikali. Kila mmoja ana fungu lake katika noti ile moja. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 yakitaka chama kitunze hesabu za fedha na mali zake, na kuzipeleka kwa Msajili. Ni vema. Lakini hesabu hiyo ni ya chama kizima, cha nchi nzima. Mtu wa Lilambo ataonaje ndani yake kwamba bati la jukwaa letu lilinunuliwa au halikununuliwa?

Wengine hutumaini mashine. Katika uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, uliofunguliwa 2007 na kuchukua watu 60,000, yamewekwa malango yafunguliwayo kwa kadi, nayo huhesabu vichwa bila kuchoka wala kumpitisha shemeji. Twaisifu mashine hiyo. Hata hivyo yahesabu waingiao tu. Fedha zikishatoka mlangoni, mashine haizifuati.

Iko hoja nyingine, nayo ndiyo iliyotusumbua kwa muda mrefu kuliko zote: ya kwamba kumwomba mtu mwaminifu hesabu ni kumtukana. Wako hata wanaoleta Maandiko. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 12, fedha za kutengeneza hekalu zilipotolewa siku za mfalme Yoashi, wale waliokabidhiwa kuwalipa mafundi hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walikuwa waaminifu. Ni kweli, imeandikwa. Lakini soma mlango huo tangu mwanzo. Makuhani walikuwa wameachiwa fedha miaka mingi na nyumba haikutengenezwa. Ndipo likatafutwa sanduku, kifuniko chake kikatobolewa tundu, likawekwa mahali ambapo waingiao wote waliliona. Na lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja. Uaminifu wa wale wa mwisho ulikuja baada ya sanduku, haukuja badala yake. Naye Mtume Paulo, alipokusanya msaada kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakutaka fedha ziwe mikononi mwake peke yake, bali aliwatia Tito na ndugu wengine waliosifiwa na makanisa, ili pasiwe na mtu wa kulaumu. Kama Paulo hakuona kwamba ametukanwa, sisi ni nani?

Twasema hivi kwa kuwa sisi wenyewe tulitukanika bure. Mwaka mmoja tulishika fedha za mchezo wa shule, wa kununua nyavu na mipira. Baada ya majuma machache mzee mmoja, mzazi, alikuja akauliza kwa upole zimebaki ngapi. Tulikasirika. Tulimjibu kwamba sisi ni waalimu, si wezi. Aliitikia, "Sawa, mwalimu," akaenda zake. Usiku ule tuliketi tuandike hesabu ili tumwaibishe kesho yake, na tulipoandika, shilingi 7,500 hazikuonekana. Hatukuziiba. Labda zililipa nauli, labda chai ya wageni. Hata leo hatujui. Lakini tuliona jambo ambalo hasira ilikuwa imetuficha: mbele ya mzee yule, mtu asiyeiba na asiyeandika hana tofauti na mwizi. Hana kitu cha kuonyesha. Tulizirudisha kutoka mfukoni mwetu, na haya ikabaki.

Kwa hiyo tukisema kwamba pale mlangoni pa Majimaji pawekwe ubao, uandikwe baada ya kila mchezo watu walioingia, fedha zilizopatikana, kila aliyechukua fungu na kiasi chake, na zilizobaki kwa ajili ya uwanja, hatumshitaki mtu. Ubao si ghali. Haubadili hati, wala haumpunguzii mwenye uwanja hata senti moja iliyo yake kwa haki. Jumuiya zetu ndogo husomewa michango yao Jumapili, na mkutano wa kijiji husomewa mapato na matumizi. Twajua jinsi inavyofanyika.

Kwetu shuleni twaandika kwa chaki kwenye ukuta wa upande wa barabara. Mvua ikifuta, twaandika tena. Mzee yule hajui kusoma tarakimu zilizozidi mamia, basi apitapo humwita mtoto yeyote aliye karibu, humsomesha mstari mmoja mmoja mpaka chini, kisha hushika njia yake ya kwenda shambani.