Usimjaribu Mungu kwa Kichwa Wazi



Ndugu zangu, katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, iko sheria ambayo ni nadra kuisikia mimbarani. Inamhusu mtu anayejenga nyumba mpya. Zama zile mapaa yalikuwa bapa, na watu waliishi juu yake: Rahabu alianika mabua ya kitani huko, Petro alipanda huko kusali. Basi Mungu akaagiza kwamba kila ajengaye alizungushie paa lake ukuta, asije mtu akaporomoka. Asipoujenga na mtu akaanguka, damu ile ni juu ya nyumba yake.

Mungu huyu ana majeshi ya malaika. Angeweza kuahidi kuwa atamdaka kila anayeteleza pembeni. Hakuahidi. Aliagiza ukuta, mawe na udongo, kazi ya mikono ya mwenye nyumba.

Paa letu leo ni tandiko la baiskeli. Simama alfajiri kando ya barabara yoyote ya Shinyanga, Kahama au Tabora, uangalie wanaopita. Muuza maziwa na madumu yake. Kijana wa mkaa, magunia yamempita urefu. Mama amekaa kwenye keria, mtoto mgongoni. Mwanafunzi anayewahi namba. Katekista anayekwenda kigangoni, Biblia na kitabu cha nyimbo vimefungwa kwa mpira nyuma. Wote vichwa wazi! Njia yao wenyewe haipo. Basi likipiga honi nyuma yao, sharti watoke kwenye lami washukie changarawe, na ukingo wa lami umelika. Hapo ndipo gurudumu la mbele linapoteleza na mtu akatangulia kichwa.

Tukishamwokota tunasema, ajali haina kinga. Ndugu zangu, msemo huu umezika watu wengi mno. Umetufundisha kukunja mikono kabla ya ajali na kufuta machozi baada yake. Tena sisi waamini tumeupaka rangi ya imani: Mungu ndiye mlinzi wangu, siku yangu ikifika imefika. Nani alimwambia Bwana wetu maneno yanayofanana na hayo? Someni Mathayo, sura ya 4. Ibilisi alimsimamisha juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe chini kwa kuwa malaika watamchukua. Na alinukuu Zaburi! Yesu alikataa. Alikuwa na haki ya malaika kuliko mimi na wewe, naye akakataa kumjaribu Baba yake kwa kujiachia kwenye hatari ambayo angeweza kuiepuka. Wewe unayeendesha baiskeli barabarani kichwa wazi huku kofia ngumu ikiuzwa mjini, unayatii maneno ya nani pale kinarani?

Hebu tuitazame kazi ya kofia yenyewe. Kichwa kikianguka kutoka kimo cha mita 1.5 hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa, hata kama baiskeli ilikuwa imesimama tuli. Fuvu husimama ghafla, na ubongo uliomo ndani haujasimama bado. Unajigonga ukutani mwake, mishipa inakatika, damu inavuja mahali pasipo na pa kutokea. Ndani ya kofia limo povu gumu jeupe, lile lile linalofungiwa televisheni na friji zisivunjike safarini. Povu hilo hubonyea. Katika kubonyea kwake hukipa kichwa nafasi ndogo na muda mfupi wa kupunguza mwendo, na muda huo mfupi ndio tofauti ya mtu kurudi nyumbani na mtu kutorudi. Mama zetu hawaweki ndoo ya maji kichwani pasipo kata, na ndoo ni mzigo wa kutulia. Iweje lami tuikabili bila kitu?

Wasiosadiki maneno ya mhubiri wawasadiki waliohesabu. Jake Olivier na Prudence Creighton, wa Chuo Kikuu cha New South Wales huko Australia, walikusanya tafiti 40 zenye majeruhi wa baiskeli zaidi ya 64,000. Waliovaa kofia, uwezekano wao wa kuumia vibaya kichwani ulikuwa pungufu kwa asilimia 69, na wa kufa kwa jeraha la kichwa kwa asilimia 65. Sitawadanganya: kofia hailizuii lori lililokwisha kukukanyaga kifua. Lakini ukuta wa Musa nao haukuzuia kila kifo. Ulizuia kile ulichoweza kuzuia, na kwa hicho Mungu alitaka ujengwe.

Hata mabingwa wa baiskeli walikataa kofia. Mwaka 1991 chama cha baiskeli cha dunia kilijaribu kuwalazimisha waendeshaji wa kulipwa kuvaa kofia, wakagoma. Mwaka 1995 Fabio Casartelli, Mwitaliano aliyetwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki Barcelona, alianguka kwenye mteremko katika mashindano ya Tour de France akiwa kichwa wazi, akafa akiwa na miaka 24. Bado hawakubadilika. Machi 2003 Andrei Kivilev wa Kazakhstan akaanguka katika mbio za Paris–Nice, kichwa wazi vilevile, akafa siku iliyofuata. Ndipo, Mei ya mwaka huo, kofia ikawa lazima. Watu wawili hodari! Sisi tunasubiri wangapi?

Najua majibu yenu. Jua ni kali. Ndiyo, na kofia za baiskeli zina matundu ya upepo. Nywele zitaharibika, nywele husukwa upya. Wapo watakaonionyesha Uholanzi, ambako wengi huendesha bila kofia, nao wanasema kweli. Ila Waholanzi waliandamana miaka ya 1970 kwa uchungu wa watoto wao waliouawa na magari, wakajengewa njia za baiskeli mbali na malori. Wao ukuta wao waliuweka barabarani. Tuzidai njia hizo kwa halmashauri zetu, tuzidai bila kuchoka, na wakati tunazidai tufunike vichwa.

Bei? Hapa nasema na jumuiya zetu ndogondogo. Mtu akilazwa hospitali ya Bugando tunachangishana nauli, dawa na chakula cha wauguzaji wake. Akifa tunachanga jeneza, sanda na ubani. Hatujawahi kukosa. Basi mfuko unaoweza kununua jeneza unaweza kununua kofia. Enyi wafadhili mnaowapa makatekista baiskeli, msitoe baiskeli tupu. Enyi wasimamizi wa kipaimara, mtoto wenu anayekwenda shule kwa baiskeli mpeni kofia kuwa zawadi ya siku ile. Kichwa hicho kilimwagiwa maji ya ubatizo. Kimepakwa krisma takatifu. Si mali yake peke yake kukipondea changaraweni.

Nawe unayebeba abiria, sheria ya Musa inakutazama wewe hasa, maana aliyeanguka hakuwa mwenye nyumba. Uwe na kofia ya pili.

Ukiinunua, hata iwe ya mtumba, ikague povu lisiwe na ufa. Iliyokwisha kupata pigo kubwa haifai tena, itupe. Ikae usawa, upana wa vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda wa kidevuni ubane. Kofia iliyoning'inia kwenye usukani haimkingi mtu.

Nawasihi kwa huruma ya Kristo: Jumapili ijayo mje misani na baiskeli zenu, na kila aliyepanda awe amevaa kofia, mkanda umefungwa.