Nina Amani Moyoni, Kumbe Ndege Inashuka



Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichukua watu 20 wenye uzoefu tofauti wa kurusha ndege ndogo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amefundishwa kuruka kwa kufuata vyombo peke yake. Wakiwa angani na mkufunzi pembeni, walizibiwa wasione nje, kana kwamba wameingia kwenye wingu. Wote 20 walishindwa kuidhibiti ndege, na wastani wa muda ulikuwa sekunde 178. Yaani fungu moja la Rozari hujalimaliza, tayari ungekuwa umeanguka.

Walikuwa wazembe? Hapana. Ndani ya sikio tuna mirija midogo yenye majimaji, na majimaji hayo ndiyo yanayoiambia akili kwamba tunageuka. Ndege ikianza kuinama upande mmoja polepole, au ikizunguka kwa muda, majimaji yanatulia na mwili unaacha kuhisi kitu. Unajiona umenyooka kabisa. Ukijaribu kuinyoosha kweli, mwili unapiga kelele kwamba sasa ndiyo unapinda upande wa pili, nawe unairudisha kulekule kubaya. Anayeona nje anasahihishwa na mstari wa upeo wa macho. Ndani ya wingu mstari huo haupo, na mwili unadanganya kwa ujasiri wote.

Swali linalonikera tangu nisome habari hii ni moja: mtu anayejisikia kwa dhati kabisa kwamba yuko sawa, ana kosa gani akianguka?

Nauliza kwa sababu sentensi ninayoisikia sana kwetu vijana, kuhusu mahusiano, kuhusu kazi, hata kuhusu wito, ni ile ya “Frateri, nimesali, nina amani moyoni.” Sawa. Amani ni zawadi ya Mungu. Lakini na yule rubani wa wingu naye ana amani, tena nyingi, mpaka sekunde ya 170 hivi. Kanisa linatufundisha kwamba dhamiri ni hukumu ya akili juu ya tendo fulani. Halijasema ni hisia ya kutulia kifuani.

Mtakatifu Thomasi wa Akwino alilichambua jambo hili kwa umakini. Kwake, dhamiri hata ikikosea inamfunga mtu. Ukitenda kinyume chake unakosa. Lakini je, kuifuata dhamiri iliyokosea kunakuondolea hatia? Hapo anasema inategemea: kutokujua kwako kulitoka wapi? Kama hukuwa na namna ya kujua, umesamehewa. Kama ulichagua kutojua, au ulipuuza tu kutafuta, hujaponyoka. Kwa hiyo tukitaka kumwelewa rubani wetu, tusimwulize maswali akiwa ndani ya wingu. Pale hana uhuru mwingi. Turudi nyuma dakika kumi, alipokuwa bado anaona wingu mbele na anga safi nyuma. Uhuru wake ulikuwa pale.

Usiku wa tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy Jr. aliruka kutoka New Jersey kuelekea Martha's Vineyard, akiwa na mke wake Carolyn na shemeji yake Lauren. Kulikuwa na harusi ya ndugu iliyowasubiri. Taarifa za hali ya hewa alizopata kabla ya kuondoka ziliruhusu kuruka kwa kutazama nje, na hakuwa na kibali cha kuruka kwa vyombo. Mkufunzi mmoja alijitolea kwenda naye; alijibu kwamba anataka kwenda peke yake. Juu ya bahari, gizani, kwenye ukungu mwembamba, upeo wa macho ulipotea. Ndege iliingia baharini na wote watatu wakafa. Wachunguzi walisema rubani alipotewa na mwelekeo.

Simhukumu marehemu, na nakuomba nawe usimhukumu. Hatujui alichokiona wala alichokiwaza. Ila naona kwamba ruhusa ya sheria na busara ni vitu viwili. Naona pia lile jibu la “peke yangu”, ambalo kwa siku nyingi halina ubaya wowote. Thomasi anaweka utayari wa kufundishwa kuwa sehemu ya busara yenyewe, hata kwa watu wazima. Na abiria? Nao waliamini macho ya mtu mmoja. Tunapokosea kwa dhati, mara chache tunakuwa peke yetu ndani ya ndege.

Waswahili tuna methali inayosukuma watu mawinguni: maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge. Tumeshalipa mahari nusu, kadi zimeshatoka, watu wanasubiri. Samahani wazee wetu, lakini maji yakiwa na mamba, vaa nguo zako urudi nyumbani.

Utasema, basi tutii vyombo tu, tusifikirie? Hata vyombo huharibika. Ndiyo maana rubani aliyefundishwa hakodolei kimoja, anavilinganisha. Kijana anayemsikiliza mhubiri mmoja wa YouTube usiku kucha ana kipimo kimoja tu. Mwenye Maandiko, mafundisho ya Kanisa, padre anayemuungamia, na mama anayemjua tangu utotoni, ana dashibodi nzima.

Wale watafiti wa Illinois hawakuishia kwenye sekunde 178. Lengo lao lilikuwa kuwafundisha watu walewale namna ya kugeuza ndege nyuzi 180 na kutoka walikoingilia, na baada ya mafunzo karibu wote waliweza. Sala yetu ya kutubu nayo inaishia kwa kuomba neema ya kurudi. Hatua ya kwanza waliyofundishwa ilikuwa ngumu kuliko zote kwa mtu mwenye hofu: toa mikono kwenye usukani.