"Sikuona": Somo la Rivasi



Nipo Mabamba, huku Kibondo, kwa mwaka wa kichungaji. Gari la parokia ni Land Cruiser ya zamani. Linabeba maharage, wanakwaya, na usiku mwingine linabeba wagonjwa. Mzee dereva aliamua kunifundisha. Kwenda mbele nilijua ndani ya siku mbili. Kazi ilikuwa rivasi, kuliingiza gari kati ya ukuta na mwembe.

Jumapili moja baada ya Misa nikataka kupaki mwenyewe. Kijana mmoja wa Utoto Mtakatifu akasimama nyuma akiniita kwa mkono, "Njoo, njoo, kata kulia." Watu walikuwa wanatazama. Nikaona aibu, mimi mwenye digrii ya falsafa kuongozwa na mtoto wa darasa la tano. Nikamwambia, "Toka hapo, naona." Akatoka.

Nilitazama vioo vyote, pote peupe. Nikaachia klachi. Ghafla mzee akapiga boneti kwa kiganja, "Simama!" Nikakanyaga breki. Nyuma ya gurudumu alikuwepo binti mdogo, ameinama anaokota mfuniko wa dumu lake la maji. Ilibaki hatua moja tu.

Mzee hakunigombeza. Alisema, "Frateri, kioo hakidanganyi, ila hakionyeshi vyote. Ukijua hujaona, shuka."

Usiku sikulala. Kama ningemgonga, ningesema "sikuona," na ingekuwa kweli kabisa. Je, ningekuwa sina hatia?

Darasani tulisoma kwamba kutojua kunaweza kumwondolea mtu lawama. Ni kweli, lakini si kila kutojua. Aristotle anataja sheria zilizompa mlevi adhabu maradufu, kwa sababu chanzo cha kutojua kwake kilikuwa ndani yake mwenyewe: angeweza kutolewa. Mtakatifu Thoma wa Akwino naye anafundisha kuwa kutojua jambo ambalo mtu anaweza na anapaswa kulijua, kwa uzembe wake, ni dhambi. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes (1965) namba 16, unasema dhamiri inaweza kukosea bila kupoteza hadhi yake. Lakini hilo halimhusu mtu asiyejali kuutafuta ukweli na wema.

Utasema, "Frateri, nani anaona kila kitu? Basi tusiendeshe!" Hapana. Kila gari lina sehemu ambayo dereva haioni, na hiyo si dhambi ya dereva. Mimi kosa langu halikuwa macho. Nilikuwa na msaidizi anayeona nisipoona, nikamfukuza kwa sababu ya aibu. Pale niliposema "naona," nilichagua kutoona. Binti alipona kwa mkono wa mzee. Usalama wake haukutokana na wema wangu.

Nasi vijana tunapenda kusema, "Dhamiri yangu hainisuti." Sawa, lakini umemfukuza nani nyuma ya gari? Mama aliyekuonya kuhusu yule rafiki? Mdogo wako aliyesema unamuumiza? Dhamiri iliyonyamaza inaweza kuwa safi. Inaweza pia kuwa kioo tu, na mtoto ameinama pale kisipofika.

Kwa hiyo siku hizi, ninapojiandaa kwa Kitubio, naongeza swali moja. Siulizi tu, "Nimetenda nini?" Nauliza pia, "Ni wapi nimekataa kutazama, na ni nani niliyemwambia toka?"

Jumapili iliyofuata nilimtafuta yule kijana, nikamwomba msamaha mbele ya wenzake. Akacheka, akakimbilia nyuma ya gari. "Njoo, Frateri, njoo!"

Nikaenda taratibu, kwa mkono wake.

Wiki hii, mpendwa, mtafute mtu mmoja uliyemwambia "naona." Mwulize anaona nini. Mungu akubariki.