Je, Ndoa Inahitaji Nyumba?



Siku hizi si ajabu kumsikia mzazi pale soko la Daraja Mbili, katikati ya mikungu ya ndizi na marobota ya mitumba, akieleza kwamba mwanawe na mke wa mwanawe walioko Marekani wameirudisha nyumba waliyokuwa wamepanga. Hawakufukuzwa, wala hawakugombana. Wote wawili wamepata leseni ya kuendesha malori makubwa, na sasa wanaishi humo humo ndani ya lori, mwezi baada ya mwezi. Nguo chache ziko nyuma ya kiti, sufuria moja ya umeme iko kando ya kitanda. Jirani anayesikiliza hutingisha kichwa, kisha huuliza: "Sasa hao ni watu wa wapi?"

Swali hili si dogo. Tukilichunguza tutaona kwamba linatuhusu hata sisi tulio na kuta nne na ufunguo mfukoni.

Kwanza tuwatendee haki vijana hao. Huko Marekani wapo wazee wengi waliostaafu, wakauza nyumba zao na kununua gari-nyumba lenye jiko, kitanda na choo, wakazunguka nchi kwa kujifurahisha. Watoto wetu hawakuingia barabarani kwa ajili hiyo. Wengi wao walianza kwa kazi za kutunza wazee na wagonjwa, mume zamu ya usiku, mke zamu ya mchana. Walikuwa wakipishana mlangoni, mmoja akivua viatu, mwingine akivaa. Kodi ya nyumba ilikula mshahara, na nyumba yenyewe ilikuwa mahali pa kulala mmoja mmoja. Ndipo wakafanya hesabu: lori moja, mapato ya watu wawili, hakuna kodi, na angalau tutakuwa pamoja. Usiidharau hoja hiyo. Wako watu wa ndoa wanaolipa kodi ya nyumba nzuri kwa miaka mingi bila kuuliza nyumba hiyo inafanya kazi gani katika ndoa yao.

Lakini sasa tazama maisha ya lori yalivyo. Sheria ya Marekani inamruhusu dereva wa mizigo kuendesha kwa saa zisizozidi 11, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Madereva wakiwa wawili, lori halina haja ya kusimama: huyu akimaliza saa zake, yule anashika usukani. Kwa hiyo mume akiwa macho, mke amelala, na mke akiwa macho, mume amelala. Kitanda kiko nyuma ya kiti cha dereva. Kipimo cha chini kinachotakiwa na sheria ni urefu wa inchi 75 na upana wa inchi 24, yaani hakifiki hata upana wa kitanda cha mtu mmoja cha bweni la shule. Malori mengi yana nafasi kubwa kidogo kuliko hapo, lakini bado ni mahali pa mtu kujinyoosha tu.

Hapo ndipo penye fumbo. Wamekimbia kupishana mlangoni, na sasa wanapishana hatua moja kutoka usukanini hadi kitandani. Wako pamoja saa 24, na huenda siku nzima ikapita hawajatazamana usoni.

Kanisa linasema nini? Watu wengi hudhani Kanisa litasema ndoa bila nyumba si ndoa kamili. Sivyo. Siku ya arusi uliahidi uaminifu katika shida na raha, katika ugonjwa na afya. Hukuahidi paa la mabati. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1151, inawataka mume na mke walinde maisha yao ya pamoja, isipokuwa kama kuna sababu halali ya kuwa mbali. Kanuni ya 104 inawataka wawe na makao ya pamoja, lakini nayo inakubali kwamba sababu ya haki inaweza kuwapa makao mbalimbali. Naye Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya familia wa mwaka 1981, Familiaris Consortio, alizikumbuka hasa familia za wahamiaji, za mabaharia na za watu wa kusafiri daima. Hakuwalaumu. Alilitaka Kanisa liwahudumie kwa moyo zaidi.

Na lile swali la jirani wa Daraja Mbili, "ni watu wa wapi," Kanisa limeshalijibu. Mtu asiye na makao popote ana paroko wake kama wewe ulivyo naye. Kanuni ya 107 inasema paroko wake ni yule wa mahali alipo kwa wakati huo. Ukiegesha lori usiku wa leo Nebraska, padre wa parokia hiyo ndiye wako, ingawa hajui jina lako. Hiyo ni haki, si hisani. Ni vyema vijana wetu waijue, kwa maana wengi huacha Misa miezi sita wakidhani hawana pa kwenda.

Mtu ataniambia: mbona hata Abrahamu na Sara waliishi hemani? Ni kweli. Na Akila na Priskila, mume na mke mafundi wa mahema, walifukuzwa Roma, wakakaa Korintho na Mtakatifu Paulo, wakaenda Efeso, kisha tunawakuta tena Roma. Hakuna wanandoa katika Agano Jipya waliohamahama kama hao. Lakini soma kwa makini. Hema la Abrahamu lilikuwa na mlango ambapo wageni watatu walikaribishwa, wakapigiwa mkate na kuchinjiwa ndama. Akila na Priskila kila walipohamia walifungua nyumba, na waamini wakakusanyika ndani yake. Walihama, lakini hawakukosa pa kumkaribisha mtu.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ugumu wa lori ulipo. Mume na mke wanaweza kupendana bila nyumba. Nyumba ni kwa ajili ya watu wengine zaidi kuliko kwa ajili yao.

Wazee wa Gusii walilielewa jambo hili mapema. Wana neno chinsoni, yaani zile taratibu za heshima na haya kati ya vizazi. Kwa chinsoni baba haingii ovyo katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, na kijana aliyekua hupewa kibanda chake, esaiga, asiendelee kulala na wazazi. Mgeni anaweza kuona ni desturi kali. Mimi naona ndani yake hekima: kuta zilijengwa ili watu waheshimiane, kila mmoja ajue anapoishia na mwenzake anapoanzia. Katika lori hakuna kuta. Mama mkwe hawezi kuja kukaa wiki mbili. Ndugu aliyepoteza kazi hawezi kupata kona. Mtoto wa miaka kumi hawezi kufanya kazi ya shule.

Juu ya watoto sitazunguka. Wako wanandoa wanaowaacha watoto na bibi yao huku Nyamira au Kisii ili wao wabaki barabarani. Ikiwa ni kwa muda unaojulikana, na bibi ameulizwa akakubali, na nguvu anazo, hilo ni jambo la familia kusaidiana. Lakini ikiwa kila Desemba mnasema "mwaka ujao," basi mjue kodi ya nyumba mliyoacha kulipa inalipwa na mtu mwingine. Inalipwa na bibi mwenye magoti yanayouma, na mtoto anayezoea kumwita mama yake kupitia simu.

Kuna jambo jingine ambalo wanandoa hulipita haraka. Ni nani aliyetaka? Mara nyingi mmoja alikuwa na ndoto na mwenzake akasema "haya" ili amani ipatikane. "Haya" ya namna hiyo si ridhaa. Na mkigombana, itakuwaje? Nyumbani mke aliyeudhika huenda jikoni, mume huenda kuwatazama ng'ombe, hasira ikapoa. Ndani ya lori hakuna jikoni wala zizi, na mwenye usukani hawezi kutoka. Mbaya zaidi, lori likiwa limeandikwa kwa jina la mume peke yake, mke hana kazi wala kitanda siku ambayo hawasikizani. Andikeni majina yote mawili. Haya si mambo ya kukosa imani. Mwenye kumheshimu mwenzake hamwachi bila pa kushukia.

Kwa wale ambao tayari wako barabarani, nina shauri moja la kufanyika. Sheria ileile ya saa inampa dereva njia ya kuanza upya hesabu ya juma lake: apumzike saa 34 mfululizo. Wengi huzitumia kufua na kulala. Basi fueni, laleni, lakini zipangeni ziangukie Jumapili, karibu na parokia, na mlo mmoja uliwe mezani, lori likiwa limezimwa, wote wawili mkiwa macho.

Tena msidhani wenye nyumba za magurudumu hawahitaji kusimama. Mwaka 1978 huko Marekani, Joe na Kay Peterson, mume na mke waliokuwa wakiishi katika gari-nyumba, walianzisha chama cha wenzao kiitwacho Escapees. Chama hicho kikawa na makao Livingston, Texas. Wanachama hupokelea barua zao hapo, kwa sababu hata mtu asiye na nyumba hudaiwa anwani. Baadaye pakatengwa mahali ambapo wasafiri waliozeeka au kuugua huegesha magari yao na kutunzwa, bado wakilala katika gari lilelile. Watu waliopenda barabara kuliko wote ndio walioona mapema kwamba siku itafika ya kusimama karibu na watu wanaowafahamu.

Na wewe mchuuzi wa Daraja Mbili, uliyesoma mpaka hapa ukisema mambo haya ni ya Marekani, jiulize. Jumatatu na Alhamisi uko sokoni, siku nyingine uko Keroka au Oyugis, mwenzako anafuata mzigo Nairobi kwa basi la usiku. Nyumba iko, imepakwa rangi. Mara ya mwisho mlikaa wote wawili ndani yake mchana ilikuwa lini?

Mzazi naye, simu ya Marekani ikilia jioni, usianze kwa kulalamika kwamba hawana nyumba. Wajengeni chumba pale bomani kama mnaweza, na kiwe na kufuli lao. Kisha uliza nani anaendesha sasa na nani amelala. Yule aliyelala, omba uzungumze naye kesho.